Dau Dogo la Shinkolobwe

Hivi karibuni, baada ya mkutano wa vijana katika parokia yetu hapa Likasi, kijana mmoja alinisubiri mlangoni mpaka wenzake wote walipoondoka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kucheza karata kwa fedha ni dhambi. Kabla sijafungua kinywa akaongeza upesi: "Lakini ni dau dogo tu, papa." Ningeweza kumjibu palepale, kwa maana jibu la Kanisa juu ya jambo hilo si refu. Lakini maneno yale mawili, dau dogo, yalinirudisha kwenye kibanda kimoja cha turubai kule Shinkolobwe, nami nikamwomba anipe muda wa kuandika. Naandika basi kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wengine ambao hamkuuliza.

Jina la Shinkolobwe mnalijua. Ni mwendo wa kilometa zipatazo 20 kutoka hapa tulipo. Mawe ya mahali hapo yalitambuliwa mwaka 1915, yakachimbwa kwanza kwa ajili ya radiamu, na urani iliyokuwamo ikahesabiwa kuwa takataka. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York, yakawekwa katika ghala huko Staten Island bila mnunuzi. Miaka miwili baadaye jeshi la Marekani likayanunua yote, na tarehe 6 Agosti 1945 dunia nzima ikajua kazi yake. Uhuru ulipokaribia mwaka 1960 machimbo yakafungwa na mashimo makuu yakazibwa kwa zege. Sisi tuliofika baadaye hatukuifuata urani. Tulifuata kobalti, ambayo bei yake ilikuwa inapanda, nasi tulichimba pembezoni mwa zege lile kwa sururu na koleo, maelfu ya watu, bila kofia wala kamba.

Mimi nilifika mwishoni mwa mwaka 2003, nikiwa na miaka 19. Kampuni aliyofanyia kazi baba yangu ilikuwa imeacha kulipa mishahara, na nyumbani tulikuwa watoto saba. Nilijiunga na kundi la watu watano lililokuwa na shimo lake. Wawili walishuka, wawili walivuta mifuko, mmoja aliosha na kupanga mawe. Tulilipwa siku mnunuzi alipopita, na kati ya siku hizo tuliishi kwa mkopo wa bukari na maharagwe.

Usiku ulikuwa mrefu. Pombe ya lutuku ilikuwa tele, na kwa yule asiyeipenda kulikuwa na karata. Mzee mmoja alikuwa na kibanda ambamo aliuza sigara na munkoyo, na chini ya taa yake ya mafuta tulicheza poka. Katika ujana wake mzee huyu alikuwa mhudumu katika klabu ya Wagiriki hapa mjini, enzi hizo mji ungali ukiitwa Jadotville. Miaka mingi alisimama nyuma ya viti vya wafanyabiashara akibeba sinia la vinywaji, akaona karata za kila mtu na akaona pia kila mtu alivyofanya nazo. Nadhani hakuna shule bora kuliko ile. Yeye mwenyewe hakucheza kamwe. Kwa kila mkono uliochezwa alichukua faranga 10 kutoka fungu la katikati, bei ya mafuta ya taa, basi.

Kwa wasioijua poka nieleze kidogo, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kosa langu. Tuliyocheza ilikuwa ya karata tano. Kila mmoja aliweka faranga 20 katikati, akapewa karata tano, kisha dau likatolewa kwa zamu kuzunguka meza. Halafu kila mchezaji alitupa karata asizozitaka akapewa nyingine, dau likatolewa mara ya pili, na waliobaki wakafunua. Jozi hushindwa na jozi mbili, jozi mbili hushindwa na karata tatu zinazofanana, na kuendelea kupanda. Aliyeona hana kitu aliweza kutupa karata zake wakati wowote, akapoteza kile tu alichokwisha kuweka. Na hapo ndipo poka inapotofautiana na michezo mingine ya karata: mwenye mkono mbovu anaweza kushinda, akiwatisha wenzake mpaka wote wajitoe.

Dola moja wakati huo ilikuwa karibu faranga 400. Mnaona basi kwamba dau letu lilikuwa dogo.

Katika kundi letu alikuwamo mwanamume aliyetuzidi umri, tukamwita yaya. Alikuwa na nguvu za watu wawili. Mfuko uliotushinda sisi, yeye aliubeba begani huku akiimba. Akipata fedha alinunua sigara kwa wote, hata kwa wale wa shimo la jirani. Sikumbuki kama niliwahi kumwona amenuna. Nae alicheza karata kama alivyoishi: hakuutupa mkono hata mmoja. Kila alipopewa karata tano alipandisha dau, mara nyingine kabla hajazitazama. Wengine wakiweka 50 yeye aliweka 150. Akichokozwa aliongeza.

Wiki ya kwanza alituchukulia fedha zetu zote, maana tuliogopa tukajitoa, naye akakusanya mafungu bila hata kufunua. Wiki ya pili tulikasirika. Tukaanza kumfuata kwa karata zozote, kupandisha juu ya kupandisha kwake, kumtishia anayetutishia. Meza nzima ikawa na wendawazimu uleule. Nimefikiri sana juu ya wiki ile ya pili tangu wakati huo, na naona kwamba nguvu ya mchezaji wa namna hii haimo katika karata zake. Imo katika kuwafanya wengine wacheze kama yeye, ilhali yeye amezoea tufani na wao hawajaizoea.

Usiku mmoja nilipoteza mapato ya siku nne. Wenzangu walipokwenda kulala, mzee aliniita. "Mwanangu," alisema, "wewe unapigana na mvua. Mvua haipigwi. Weka ndoo."

Akanifundisha. Kwanza, nikae kushoto kwa yaya daima, kwa sababu zamu huzunguka kuelekea kushoto, na hivyo yeye angesema kabla yangu na mimi ningejua tayari dau lake. Pili, nitupe mikono mingi, mingi kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuvumilia, nisibaki na takataka kwa hasira au kwa uchovu. Nisijaribu kamwe kumtisha; asiyejua kuogopa hatishiki, na fedha inayotumika kumtisha ni fedha iliyotupwa shimoni. Na nipatapo karata nzuri kweli, nisipige kelele. Wengi wakipata karata tatu zinazofanana hupandisha dau mara moja kwa furaha. Mbele ya mtu kama yaya hiyo ni kumwamsha aliyelala. Mwache apandishe yeye mwenyewe. Wewe lipa tu, taratibu, kana kwamba unajikaza.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa la mwisho. Mbele ya mchezaji mwenye hadhari, jozi ya wafalme ni kitu cha kuogopea, kwa sababu mwenye hadhari akipandisha dau ujue anacho. Lakini mbele ya anayepandisha kila mkono, jozi hiyohiyo ni ngome. Leo mimi ni mwalimu wa hesabu na naweza kuithibitisha kwa wanafunzi wangu ubaoni: kati ya mikono 2,598,960 ya karata tano inayowezekana, karibu nusu haina hata jozi, na kama asilimia 42 ina jozi moja tu. Anayepandisha dau kila mara, basi, takriban nusu ya mara hizo hana chochote kabla ya kubadilisha karata. Hata anayebadilisha karata tatu kuongezea jozi yake, kama mara 7 kati ya 10 hubaki na jozi ileile. Mzee hakuwa na tarakimu hizi. Alikuwa na miaka yake ya kusimama nyuma ya viti.

Alinionyesha pia hesabu ya malipo, akitumia mbegu za maharagwe. Kama katikati kuna faranga 300, na yaya anaongeza 300, mimi naulizwa kulipa 300 ili nishinde 600. Nikishinda mara moja tu kati ya tatu sijapoteza kitu. Na ikiwa yeye anatisha bila kitu nusu ya wakati, basi kulipa si ushujaa wala kamari, ni kazi tu, kama kuvuta mfuko. "Utashindwa mara nyingine," mzee aliniambia, "na utashindwa vibaya, mbele ya watu. Usimlipize kisasi. Rudi kutupa karata."

(Niruhusuni neno moja la pembeni, ambalo wanafunzi wangu hulipenda. Mtu aliyeandika hesabu ya kutishia katika poka ni John von Neumann, mzaliwa wa Budapest. Kitabu chake na Oskar Morgenstern, kilichotoka mwaka 1944, kina sehemu nzima juu ya mchezo huo. Miaka hiyohiyo alikuwa akisaidia kazi ya bomu kule Los Alamos, kazi iliyolishwa kwa sehemu kubwa na mawe ya Shinkolobwe. Baadaye, akiwa mahututi kwa saratani huko Washington, aliomba aletewe padre Mkatoliki. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea.)

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Wiki nzima watu walinicheka, wakaniita bibi harusi kwa jinsi nilivyokaa kimya na kutupa karata. Nilihesabu jioni moja nikaona nimetupa mikono 31 kati ya 40. Lakini niliyoicheza niliicheza na yaya, na mara nyingi nilimshinda. Nilijifunza kutazama idadi ya karata alizobadilisha. Alipenda kubadilisha moja tu, ili tudhani ana jozi mbili au anangojea karata ya tano ya aina moja. Anayengojea namna hiyo huipata mara 9 kati ya 47, yaani chini ya mara moja kati ya tano, na mara nyingi yeye hakuwa hata akiingojea. Nilijua anavyovuta sigara akiwa na kitu, na anavyosahau kuivuta akiwa hana.

Kufika Noeli nilikuwa nimemchukulia fedha nyingi kuliko nilizopata shimoni. Wengine mezani walikuwa wakipata na kupoteza hiki na kile. Fedha yake yeye ilikuwa ikitiririka upande mmoja, polepole, faranga 200 leo, 600 kesho. Hakukasirika. Alinipiga begani akasema, "Mdogo wangu, una bahati wewe." Nami nilijua, na sikumwambia, kwamba bahati haikuwamo.

Jumapili moja ya Januari mke wake alikuja kutoka Likasi. Lori lilikuwa limemshusha mbali, akatembea sehemu iliyobaki, mtoto mgongoni. Tulikuwa tunapika. Alisalimu kila mmoja kwa adabu, akapewa maji, akakaa. Baada ya muda akamwambia mumewe kwamba muhula umeanza na watoto wawili wakubwa wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali. Hakulia wala hakupaza sauti. Alisema tu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

"Mnunuzi hajatulipa," yaya akajibu.

Mnunuzi alikuwa ametulipa Ijumaa. Sisi sote tuliokaa pale tulijua. Sehemu kubwa ya malipo ya yaya ilikuwa wakati huo ndani ya soksi yangu ya kushoto, imefungwa kwa uzi, na nilipokunja mguu niliisikia inanibana kifundoni. Nilikaza macho kwenye sufuria ya bukari. Niliweza kusema neno. Niliweza hata kumwita yaya pembeni nimkopeshe, na yeye, kwa moyo aliokuwa nao, asingeona aibu kupokea. Nilikoroga tu. Mama yule alilala usiku ule kwa wanawake waliokuwa wakiuza chakula, na alfajiri akaondoka na faranga chache tulizochanga, ambazo nami nilichangia 50. Naam, 50. Nakumbuka niliona nimefanya vizuri.

Jumatatu usiku yaya alicheza kama mtu anayekimbia nyumba iliyoungua. Sikuwahi kumwona vile. Alikuwa amekopa kwa mwenye duka, na alikuwa na haja ya kupata fedha ya shule kabla ya mwisho wa wiki. Nami nilikaa kushoto kwake. Nikatupa mikono saa nzima. Kisha nikapewa jozi ya wafalme. Yaya akapandisha, nikalipa, wengine wakajitoa. Nikabadilisha karata tatu, akaja mfalme wa tatu. Yaya alibadilisha moja. Akaweka 500. Sigara ilikuwa inaungua yenyewe kati ya vidole vyake.

Nilinyamaza kwa muda, kama mtu anayesitasita. Mzee alikuwa amenifundisha hivyo. Kisha nikaongeza 500 juu, kidogo tu, kiasi cha kumwacha aamini kwamba angeweza kunitoa. Akaweka vyote alivyokuwa navyo. Havikutosha kitu machoni pake, akasema anaongeza sehemu yake ya mfuko wa kesho. Wenzetu wakanitazama. Kanuni za kibanda ziliruhusu. Nikasema, "Nalipa."

Alikuwa na jozi ya nne.

Vijana wapendwa, nimeurudia mkono ule kichwani mara nyingi nikitafuta kosa la uchezaji, na sijalipata. Nilikaa mahali pazuri. Nilingoja. Sikumtisha asiyetishika. Nilimwacha aongoze, nikaongeza kwa kipimo. Mtu yeyote anayefundisha poka angenipa alama zote. Sikuiba wala sikuficha karata. Na nilijua kila kitu. Nilijua hana chochote, nilijua kwa nini anacheza vile, nilijua fedha ile ni ya daftari za nani, na ujuzi huo ndio niliokuwa nikiutumia kumshinda. Wengine mezani wangeweza kusema hawakuona. Mimi kazi yangu yote ya miezi miwili ilikuwa kumwona.

Mzee alinyoosha mkono kuchukua faranga zake 10 za mafuta, kama kawaida. Akazishika kidogo. Kisha akazirudisha juu ya fungu, akalisukuma lote upande wangu, akatoka nje.

Asubuhi nilimwendea nikamuuliza kwa nini hakuchukua. "Mafuta bado yapo," akasema. Akaendelea kupanga sigara zake. Hajawahi kunieleza zaidi, na kwa muda mrefu nilimkasirikia, maana ni yeye aliyenifundisha.

Mwishoni mwa Januari 2004 ilitoka amri ya Rais ya kufunga Shinkolobwe kwa uchimbaji wote. Wengi hawakuondoka; shimo lililofungwa kwa karatasi linaweza kufunguliwa kwa kutoa kitu kidogo. Julai mwaka ule sehemu ya machimbo iliporomoka ikaua watu wasiopungua wanane, na baada ya hapo watu wakaondolewa kweli. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoka Februari. Yaya hakuwamo miongoni mwa waliokufa, lakini kwa siku tatu sikulijua hilo, na siku hizo tatu sitaki kuziandika hapa.

Nilipotoka machimboni nilikuwa na faranga 18,000 kati ya zote nilizomchukulia. Nyingine nilikuwa nimempelekea mama yangu, na nyingine, nikiri, nilinunulia viatu. Niliulizia nyumba ya yaya huko Kikula mpaka nikaipata. Mke wake alikuwa anapepeta unga. Nikampa fedha zote, nikasema ni deni nililokuwa nadaiwa na mumewe.

"Ndiye aliyekutuma?" akaniuliza.

"Ndiye," nikasema.

Alinitazama kwa muda mrefu. Miezi ile nilikuwa nimejifunza kusoma nyuso, na niliona wazi kwamba haamini. Kisha akazihesabu, noti moja moja, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akaniletea kiti.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimekwisha kuanza ualimu, padre mmoja alinifungulia Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413. Inafundisha kwamba michezo ya bahati na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa yenyewe. Inakuwa mbaya pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa ajili yake na kwa ajili ya wale wanaomtegemea. Na inaonya kwamba tamaa ya kamari yaweza kuwa utumwa. Udanganyifu nao inauhukumu. Nilisoma mara mbili. Nilikuwa nimezoea kujitetea kwa kusema sikudanganya. Lakini sentensi ile juu ya mahitaji haisemi ni nani aliyemnyima. Haiulizi kama aliyepoteza alicheza kwa hiari yake. Inatazama tu kama kuna meza fulani nyumbani ambako chakula kimepungua.

Kwa hiyo, kijana wangu uliyenisubiri mlangoni, jibu langu ni hili. Faranga 500 zako zinaweza kuwa dau dogo. Za yule anayeketi kulia kwako ni kiasi gani? Wewe unajua. Kama unacheza vizuri unajua zaidi ya mama yake. Unajua ni nani kati ya wenzako hawezi kutupa karata, ni nani anarudi kesho na fedha aliyotumwa nayo sokoni. Wale wanaobashiri mpira kwa simu wanaweza angalau kusema hawamwoni anayepoteza. Mezani hatuna udhuru huo. Sikukatazi kucheza, mimi mwenyewe bado nacheza na wanangu, na ninawafundisha hesabu ya maharagwe kama nilivyofundishwa, maana ni hesabu nzuri na subira yake imenifaa katika mambo mengi. Ila siku utakapomtambua mwenzako wa namna ile, usikimbilie kiti cha kushoto.

Yaya nilikutana naye tena mwaka jana. Anatengeneza baiskeli karibu na soko, ana mvi, na nguvu zake za zamani bado zimo mikononi. Mvua ilinikuta pale, nikajikinga chini ya bati lake. Mwanawe mkubwa, mmoja wa wale wawili waliorudishwa shuleni, siku hizi ana duka la vipuri, aliniambia kwa fahari. Tulizungumza juu ya watu wa zamani. Mzee wa kibanda alikwisha kufariki. Mvua haikuonyesha dalili ya kukoma, basi akatoa kwenye kisanduku cha spana pakiti ya karata zilizochakaa, akaniuliza kama bado najua.

Nikamwambia sichezi na yeye kwa fedha.

"Nani amesema fedha?" Akamwaga mahindi juu ya ubao, akayagawa mafungu mawili yaliyolingana. Kisha akavuta kigoda, akakigonga kwa kiganja, upande wake wa kushoto.

"Kaa pale unapopapenda," akasema.

Sikuwa na neno la kumjibu. Niliketi. Akachanganya karata, akagawa tano tano, na kabla hajazitazama zake akasukuma nusu ya mahindi yake katikati.